Enanga Isiyo na Kadi

Mwaka 1970 Ruth Finnegan, mtaalamu wa fasihi simulizi, alichapisha huko Oxford kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika. Ndani yake aliweka dokezo fupi kuhusu utendi. Alishikilia ya kuwa utendi, kwa maana ya utungo mrefu wa kishujaa, ni nadra mno kuonekana katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, na kwamba tenzi za Waswahili, ambazo hakuna awezaye kuzikana, ni za kuandikwa na zimezaliwa na athari ya fasihi ya Kiarabu. Msomaji wa visiwani ataona upesi kwamba upanga huu una makali mawili: watu wa bara waliambiwa hawana tendi, na watu wa pwani wakaambiwa wanazo ila si zao.

Mojawapo ya majibu lilitoka Bukoba. M. M. Mulokozi, ambaye wapenzi wa ushairi wanamfahamu tangu Malenga wa Bara aliyoitoa pamoja na K. K. Kahigi mwaka 1976, aliandika mwaka 1983 katika jarida la Research in African Literatures makala yenye kuuliza kama wapiga enanga wa Tanzania ni watunzi wa tendi au siyo. Miaka mitatu baadaye, 1986, alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu nzima juu ya tendi za enanga za Wahaya, na mwaka 2002 akatoa kupitia Mkuki na Nyota kitabu cha Kiingereza kuhusu mjadala wote wa utendi wa Kiafrika. Kwa hiyo hoja ya Oxford haikuachwa ipite hivi hivi. Ilijibiwa na mtu aliyeketi mbele ya wapigaji wenyewe, akiwa na lugha yao kinywani.

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Mwaka 2012 kitabu cha Finnegan kilitolewa upya na Open Book Publishers, nacho husomwa bure katika intaneti na mtu yeyote mwenye simu. Ni jambo la kushukuru. Kitabu kile ni bahari, na dokezo la utendi ni tone moja tu ndani yake. Lakini jibu la 1983 limo katika hazina ya JSTOR, ambayo mlango wake wa kawaida hufunguliwa kwa ada zinazolipwa na vyuo. Tasnifu ya 1986, yenye matini za tendi, kwa miaka mingi ilisomwa na yule aliyeweza kupanda Mlimani. Kitabu cha 2002 kinauzwa, na auzaye ana haki ya kuuza. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Muleba akitaka kujua leo usiku kama babu zake walikuwa na tendi, shtaka atalipata bure na utetezi atalazimika kuutafuta kwa safari na kwa fedha. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ndivyo mtandao unavyokuwa pale ambapo hapana mtu kati ya msomaji na maandishi.

Mtu huyo wa katikati ndiye ninayetaka kumzungumzia, nami nitamwita kwa jina lake la kazi, mkutubi. Siku hizi husemwa kwamba kazi yake imekwisha, kwa kuwa kila kitu kimo mtandaoni. Aghalabu wasemao hivyo ni watu ambao lugha yao imo mtandaoni. Mimi ni mwana wa Ihangiro, mfasiri wa Kihaya na Kiswahili nisiye na shahada; elimu niliyo nayo nimeipata katika vyumba vya kusomea vya watu wote. Kwa hiyo sitamsifu mkutubi kwa upole wake wala kwa ukimya wa chumba chake. Nitamsifu kwa kazi moja ambayo wahakiki wa fasihi hatuihesabu kuwa ni uhakiki, ilhali ndio mwanzo wake: kuvipa vitu majina na kuviweka mahali.

Tuanze na jina la ala yenyewe. Enanga ya Wahaya ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na uvungu kama hori, na juu yake nyuzi zimetandazwa kwenda na kurudi. Mpigaji huimba huku akipiga, na anachokiimba chaweza kuwa habari ya shujaa kama Kachwenyanja, au ya Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Mwandike neno hilo mtafutaji wa mtandaoni, umwone atakavyotapatapa. Ukiandika nanga, kama Mulokozi alivyoandika katika vichwa vya maandishi yake ya Kiingereza, utaletewa nanga za meli, na sisi Waswahili hatuwezi kulaumu. Ukiandika inanga, utapelekwa Rwanda na Burundi, kwa ala ya jamaa moja na hii yetu. Ukiandika ennanga, utatua Buganda, na huko ni kinubi chenye shingo iliyopinda, ala nyingine kabisa. Mtambo huona herufi. Kujua kwamba mbili kati ya hizo ni ndugu, ya tatu ni jirani wa jina tu, na ya nne hutiwa majini, kunahitaji mtu.

Majina ya watu nayo yana mkasa wake. Kihaya hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyotofautisha, na waandishi wa kila zama wamefuata masikio yao. Mwanahistoria wa Kiziba, Francis Xavier Lwamgira, mtu aliyefanya kazi chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza, huandikwa Lwamgira, Lwamugira, na pengine Rwamugira. Kitabu chake cha historia, Amakuru ga Kiziba, kilichapwa Bukoba na Rumuli mwaka 1949, kwa Kihaya, na mwaka 1969 kikafasiriwa kwa Kiingereza huko Makerere. Anayemjua kwa herufi moja hamfikii kwa herufi nyingine. Lugha yenyewe imeandikwa Kihaya, Ruhaya, Luhaya, Oluhaya na Haya tupu. Watu ni Wahaya, Bahaya na Abahaya.

Mahali pia pamebadilika jina. Mkoa wa Kagera umeitwa hivyo tangu 1979, baada ya vita na Idi Amin. Kabla ya hapo ulikuwa Ziwa Magharibi. Kwa hiyo mtafiti mgeni anayetafuta kwa neno Kagera ataona fasihi changa kabisa, kana kwamba watu wa huko walianza kusimulia mwaka huo. Kazi za zamani zimelala chini ya majina Bukoba, West Lake, Buhaya, Kiziba, Karagwe, Kianja na Ihangiro. Muleba, jina la wilaya ya leo, halitamfikisha kwenye tendi za Ihangiro. Katika droo za kadi za zamani palikuwa na kadi ndogo isiyokuwa na kitabu chochote nyuma yake. Iliandikwa tu: tazama mahali fulani. Wengi waliiona kadi hiyo kuwa ni karatasi ya bure. Mimi naiona kuwa ni mojawapo ya maandishi ya kihakiki yenye manufaa zaidi yaliyopata kubuniwa, maana inasema kwamba huyu na yule ni mmoja, na aliyeiandika alikuwa na hakika.

Mtu akiisha kuyajua majina, atagundua kwamba fasihi na lugha ya Wahaya imetawanyika duniani kama mchele uliomwagika njiani. Maelezo marefu ya kale juu ya Kiziba, ya Hermann Rehse, yalichapwa Stuttgart mwaka 1910, kwa Kijerumani. Uchunguzi wa sarufi uliohaririwa na Byarushengo, Duranti na Hyman ulitolewa Los Angeles mwaka 1977. Ngano zilizokusanywa na Peter Seitel, zikiwekwa katika mistari ili pumzi ya msimulizi ionekane, zilitoka Bloomington mwaka 1980, na kitabu chake kingine, chenye kuchambua tanzu za fasihi simulizi ya Wahaya, kikafuata 1999 kupitia Oxford University Press. Msamiati uliokusanywa na Shigeki Kaji ulichapwa Tokyo mwaka 2000. Kamusi ya Henry Muzale, ya Ruhaya, Kiingereza na Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2006, na hiyo ndiyo niliyoichakaza zaidi kwa vidole vyangu.

Mfasiri anahitaji vitu hivi viwe juu ya meza moja. Nikikutana katika utendi na neno la silaha au la cheo cha barazani ambalo wazee wa leo hawalitumii tena, nataka kuona Rehse alilisikiaje kabla ya Vita vya Kwanza, Lwamgira alilitumiaje katika masimulizi ya wafalme, Muzale analipa maana gani, na mpigaji aliyerekodiwa baadaye alilitamka katika mstari upi. Vitabu vinne vikiwa bega kwa bega huambiana mambo ambayo kila kimoja peke yake hakisemi. Mtandao waweza kunionyesha kwamba vyote vipo. Kwa Rehse, ambaye umri wa kitabu chake umekwisha kukitoa katika kifungo cha hakimiliki kule Marekani, mambo ni mepesi, ilimradi unajua Kijerumani. Kwa vingi vya waliobaki, nitaonyeshwa jalada, tarehe na pengine mistari mitatu iliyokatwa katikati ya sentensi. Huko ni kusoma kwa mtu anayechungulia arusi kupitia tundu la mlango.

Hata vitabu hivyo vikifika, swali gumu kuliko yote ni wapi viwekwe. Hapa nawaomba wahakiki wenzangu wasinune nikisema habari za tarakimu. Katika mpango wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, namba 398 ni ya ngano, mila na masimulizi ya jadi. Namba 896 ni ya fasihi za lugha za Kiafrika. Ala za nyuzi zina namba yao pia, 787, katika muziki. Tendi za enanga zinakwenda wapi? Ukiziweka 398, umemwambia kila mtoto atakayepita kwenye rafu hiyo kwamba Kachwenyanja ni desturi, ndugu wa hadithi za sungura na taratibu za mahari. Ukiziweka 787, umesema ni mlio. Ukiziweka 896, karibu na tenzi na riwaya za Kiswahili, umesema ni fasihi, na kwamba aliyeziimba ni mtunzi mwenye haki ya kuhakikiwa kama mtunzi yeyote. Hukumu ile ile iliyochukua kurasa nyingi kati ya Oxford na Dar es Salaam, mkutubi huitoa kwa kalamu ya risasi juu ya mgongo wa kitabu, na wasomaji wasiopata kusikia jina la Finnegan wala la Mulokozi wataishi chini ya hukumu hiyo. Mimi ningeziweka 896 bila kusita, na ningeandika kadi ya tazama pia katika zile mbili nyingine.

Watu wa pwani mna bahati moja ambayo sisi wa ziwa hatukuipata. Miswada ya tenzi zenu ilipata waorodheshaji mapema. J. W. T. Allen, ambaye alikuwa mfasiri, alizunguka akikusanya miswada na sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1970, mwaka ule ule wa kitabu cha Finnegan, katalogi yake ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ikachapwa Leiden. Miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, London, nayo iliorodheshwa, na orodha yake ikatiwa mtandaoni. Mambo hayo yana kasoro. Kuna miswada ambayo ingefaa iwe Unguja, Pemba au Lamu kuliko ilipo, na hilo nawaachia wenyewe. Hata hivyo intaneti ilipofika pwani ilikuta majina yamekwisha kuandikwa, na kwa hiyo ikawa na kitu cha kuonyesha. Ilipofika kwetu, kikubwa ilichokikuta ni sauti. Mtandao hurithi orodha. Pasipo na orodha, hurithi makelele.

Sasa niseme habari ambayo imenikaa moyoni kwa muda. Enanga haikukosa maktaba siku zote. Maktaba yake ilikuwa baraza la omukama. Huko palikuwa na wapigaji waliojulikana kwa majina, palikuwa na wasikilizaji wenye kujua utendi kiasi cha kumrudisha mpigaji aliyeruka sehemu, na ebyebugo, yale majigambo ya mashujaa, yalikuwa na nyakati zake na watu wake. Mtu aliyetaka kusikia habari fulani alijua aende wapi na amwulize nani. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria. Mwaka huo huo wa 1963, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba. Sidhani kwamba kuna aliyeziweka sheria hizo mbili pamoja, na sina haja ya kulilia enzi za abakama, ambazo ubwanyenye wake wa ardhi Wahaya wanaufahamu. Lakini kwa upande wa fasihi jambo lilikuwa hivi: nyumba moja ilifungwa na nyingine ikafunguliwa, na hapakuwa na siku ya makabidhiano.

Nyumba mpya ilijengwa kwa moyo. Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, katika sherehe za uhuru, jambo ambalo halikosi maana. Mwaka 1968 mikoa ya ziwa, Ziwa Magharibi ukiwa mmojawapo, iliingizwa katika mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosimamiwa kutoka Mwanza kwa msaada wa UNESCO, ambapo watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vinavyohusu kazi zao, ukulima na uvuvi. Baadaye zikaja maktaba za vijijini ili wasomaji wapya wasisahau herufi. Mkulima wa Kamachumu aliyejua kusoma kwa Kiswahili habari za shamba lake alikuwa ushindi mkubwa, na yeyote anayedharau jambo hilo hajui ujinga unavyonyanyasa. Ila vitabu vile vilimkuta mkulima huyo akiwa na fasihi kichwani, na havikumwuliza. Alihesabiwa kuwa msomaji mpya. Kwamba ni msikilizaji wa zamani, mwenye kipimo chake cha utungo mzuri na mbaya, hapakuwa na safu ya kuliandika hilo.

Mpaka leo maktaba zetu za mikoa, ile ya Bukoba ikiwa miongoni mwao, zinatumika zaidi kama vyumba vya kujisomea mitihani. Wanafunzi huja na madaftari yao, hukaa kwa utulivu, huondoka. Sehemu kubwa ya vitabu vya maktaba za umma nchini imepatikana kwa misaada, hasa kutoka Uingereza, na msaada haukuja na orodha ya mahitaji ya Ihangiro. Simlaumu mtoaji. Namlaumu, kwa heshima, mwenye nyumba asiyemwambia mgeni anataka nini. Mkusanyo wa nyumbani ni wajibu wa maktaba ya mkoa ambao maktaba nyingine yoyote duniani haitautimiza kwa niaba yake. London itanunua vitabu vya London. Vitabu, magazeti na vijarida vilivyochapwa Bukoba na Rumuli kwa Kihaya, ni nani mwingine atakayevitafuta kwenye makabati ya parokia na ya makatekista waliostaafu, avipe namba na kuvifungia dhidi ya mchwa? Shule kongwe kama seminari ya Rubya zilikuwa na vitabu kabla hatujawa na serikali yetu wenyewe. Hata kuziomba orodha tu, bila kuchukua kitabu kimoja, kungekuwa mwanzo.

Najua nitajibiwa kwamba vijana hawataki rafu, wanataka simu. Ni kweli, na simu zimefanya mema. Kebo za baharini zilipotua Dar es Salaam kuanzia 2009, bei ya intaneti ilianza kushuka, na leo mtu aliye Muleba, kilomita sabini hivi kusini ya Bukoba, anaweza kusikiliza enanga kwenye YouTube akiwa shambani. Mimi mwenyewe nimesikiliza huko hadi usiku wa manane. Lakini sikiliza kwa sikio la mhakiki. Aghalabu hakuna jina la mpigaji. Hakuna kijiji, hakuna mwaka. Utendi umekatwa pale kanda ilipokwisha, au pale aliyeupandisha alipoona umekuwa mrefu. Chini yake pana maneno ya mapenzi kwa nyumbani, mazuri na ya kweli, ambayo hayasemi kitu juu ya utungo. Katika sanaa hii jina la mpigaji ndilo kila kitu, kwa sababu hakuna utendi mmoja wa Kachwenyanja. Upo wa fulani na upo wa fulani, na tofauti kati yao ndiyo uwanja wa uhakiki: nani alimpa mama wa shujaa nafasi kubwa zaidi, nani aliharakisha safari, nani alirudia kibwagizo mara nyingi hata kikawa kilio. Ukiondoa majina, matini zote huyeyuka zikawa hadithi moja ya Wahaya, isiyo na mtunzi. Na fasihi isiyo na watunzi ndiyo ile ile ambayo wageni walituwekea katika 398.

Siku hizi zimekuja programu za akili mnemba, ambazo huulizwa swali nazo hujibu kwa sentensi zilizonyooka. Zinaweza kukujibu kuhusu enanga pia. Tatizo langu nazo si kwamba hukosea. Wazee hukosea, na vitabu hukosea. Ni kwamba ukiziuliza zimetoa wapi, si kila mara utapelekwa mpaka kwenye rafu. Mkutubi mzuri akikosa jibu husema sina, lakini nenda kwa fulani, au subiri niandikie Dar es Salaam. Katika utafiti, neno sina likisemwa na mtu mwenye orodha ni taarifa yenye thamani. Mtambo haupendi kulisema.

Tena kuna njia ambazo mkutubi anazijua na msomaji hazijui, hata ndani ya huo mtandao. JSTOR kwa mfano humruhusu mtu binafsi kujiandikisha na kusoma idadi ya makala za majarida mengi kila mwezi bila kulipa, na vyuo vyetu vikuu vimeungana katika jumuiya ya maktaba ili kununua haki za kusoma kwa pamoja. Kijana wa Muleba niliyemtaja juu hajaambiwa. Mtu mmoja mezani pale Bukoba, mwenye mafunzo ya chuo cha ukutubi cha Bagamoyo na kompyuta moja inayofanya kazi, angeweza kumpunguzia safari ya Dar es Salaam kwa dakika kumi. Kwa hiyo wale wanaotaka tuchague kati ya intaneti na mkutubi wanatuuliza swali lisilokuwepo. Bila huyu wa pili, ile ya kwanza kwetu ni mlango wa duka lililofungwa.

Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Bukoba ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu walikufa, nyumba zilianguka kwa maelfu, na shule mbili zenye historia, Ihungo na Nyakato, ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Wakati ule kila mtu alihesabu watu na kuta, na ndivyo ilivyopasa. Nami ninapopita Ihungo na kuona majengo mapya, hujiuliza juu ya makaratasi: kumbukumbu za walimu, magazeti ya shule, nyimbo zilizoandikwa na wanafunzi wa miaka ya hamsini na sitini kwa likizo walizokwenda vijijini. Penye katalogi mtu husema tumepoteza hiki na hiki. Pasipo nayo hata hasara haina jina.

Wapigaji wa enanga waliobaki ni wachache na ni wazee. Kuwarekodi kunahitaji fedha, na fedha zina wenyewe. Lakini kuorodhesha kunahitaji daftari. Ningependa kuona katika maktaba ya Bukoba meza moja ndogo iliyoandikwa Buhaya, na juu yake, hata kabla ya vitabu kufika, kadi hamsini za kwanza zikiwa tayari. Ningeanza na Lwamgira, nikiandika chini yake Lwamugira na Rwamugira. Halafu Ziwa Magharibi, tazama pia Kagera. Halafu Ihangiro, tazama pia Muleba. Halafu kadi moja kwa kila mpigaji ambaye mtu yeyote aliye hai analikumbuka jina lake, baba yake na kijiji chake. Na pale ambapo tungo zake hazijulikani zilipo, nafasi iachwe wazi kwa mistari mitatu.